Pacha wa Juu na Pacha wa Bondeni

Jina lake kamili ni Stamili binti Fakihi Nandonde, wa Kitangari. Lakini hilo la Nandonde ni la shuleni na la kitambulisho. Kwa Wamakonde ukoo wa mtu hufuatwa kwa mama, na kwa mama Stamili ana pa kujivunia. Bibi yake, Bi Likonda, ndiye aliyeingia porini mwaka wa njaa na kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni, mpaka kucha zikang'oka, akawalisha watoto wa nyumba nzima na wa jirani. Mama yake, Asumini, alishikwa na uchungu akipanda kilima kutoka kuteka maji, akajifungulia kichakani, akafika nyumbani na mtoto kwenye khanga na mtungi kichwani, maji hayajapungua hata kikombe. Mtoto huyo ndiye Stamili.

Naye akaongeza lake. Alimaliza darasa la saba wakati wasichana wengi wa rika lake wanaishia la nne, akafinyanga vyungu ambavyo makungwi wa unyago waliviagiza hata kutoka Makote, na akalea wajukuu. Huku kwetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi mzaa mama ili alisahau titi. Mabinti wa Stamili walimletea watoto wao mmoja baada ya mwingine, na wote walitoka mikononi mwake wakitembea na miguu yao. Nyuma ya nyumba yake hakuna kaburi dogo. Wangapi Kitangari wanaweza kusema hivyo? Yeye alikuwa akilisema bila kuulizwa.

Binti yake wa mwisho, Somoe, aliolewa Nanganga, chini kule Masasi, na kijana wa Kimakua aitwaye Walter. Mwislamu na Mkristo. Watu walisema mpaka wakachoka wenyewe. Mungu akawapa mapacha, na ili pande zote mbili ziridhike, msichana akaitwa Naima na mvulana akaitwa Kelvin. Walipofikisha umri wa kuacha ziwa, Somoe na mumewe waliamua kwenda Liwale kulima ufuta. Stamili akatandika kitanda cha watoto wawili.

"Mkwe, mapacha wawili na mgongo mmoja?" akamwambia Veridiana, mama yake Walter. "Utapinda. Nipe mmoja."

Wakagawana. Kelvin akabaki Nanganga, barabarani, ambako Veridiana huwauzia wasafiri mayai ya kuchemsha na karanga. Naima akapanda juu Kitangari, maana msichana ndiye ukoo, na ukoo haulelewi kwa watu.

Siku ya Idd Veridiana akapanda kuja kusalimia, Kelvin mgongoni.

"Hodi hapa, wenye kuoga kwa kijiko."

"Karibu, mla panya," Stamili akaitikia kutoka jikoni. "Ndoo ipo. Ukiomba ya pili nakupeleka kwa mwenyekiti."

Wakacheka, wakakumbatiana, maana huo ndio utani wao tangu siku ya posa: wa juu hawana maji, wa bondeni wanakula panya. Watoto wakawekwa kwenye mkeka mmoja, na majirani wakaja kutazama, kwani nani hapendi kuona mapacha waliolelewa mbali mbali? Kelvin alikuwa na miguu kama mipini ya majembe madogo na kamasi mpaka mdomoni. Hakukaa. Alimfukuza kuku, akaanguka, akalia, akanyamaza mwenyewe, akamfukuza tena. Naima alikaa pale alipowekwa. Uso wake ulikuwa wa duara, mashavu yanang'aa, mikono imejaa.

"Haya, semeni wenyewe," Stamili akawaambia majirani. "Damu moja, tumbo moja, siku moja. Huyu wa bondeni mmemwona. Na huyu wangu?"

"Wako kanona kama mwana wa mkuu wa wilaya," mmoja akasema.

"Mkwe, unamlisha nini huyu chiriku wako?" Stamili akamuuliza Veridiana. "Moshi wa mabasi?"

"Karanga za kutwanga. Na mayai yanayopasuka sufuriani, msafiri hayataki."

"Yai? Mtoto hapewi yai, Veridiana. Unamfundisha wizi."

"Mpaka sasa ameiba kijiko tu."

Kicheko kikaenda mpaka uani. Veridiana akamwinua Naima, akampakata. "Mzito kweli," akasema. Akamtekenya kwapani. Naima akamtazama tu. Akamtekenya tena. Kisha akazishika nywele za mtoto kwa vidole viwili, na Stamili akaona mkwe wake hacheki tena.

"Mbona nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi?"

"Jua la huku juu."

"Na mbona halii? Nimemtoa mkekani, mimi mgeni kwake, halii."

"Ni mtoto mtulivu. Si lazima kila mtoto awe mwendawazimu kama huyo wako."

"Mkwe, sasa nimeuweka utani chini. Mpeleke akaonwe."

Majirani wakaangalia pembeni. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi, mchawi, mla panya, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini akitoka nje ya utani akakwambia neno hilo hilo kwa sauti ya kweli, mbele za watu, nyumbani kwako, siku ya Idd, huyo si mtani tena.

"Veridiana," Stamili akasema taratibu, "mimi nililea wakati wewe bado unafundishwa kufunga mbeleko. Zunguka nyumba hii. Ukikuta kaburi la mtoto, rudi unifundishe."

Veridiana alimrudisha Naima mkekani, akamfunga Kelvin mgongoni, akaondoka pilau ikiwa bado motoni.

Stamili alimlisha nini Naima? Alichowalisha wengine. Uji mweupe wa muhogo asubuhi, ugali wa muhogo mchana, na mchuzi wa kisamvu, mtoto akichovya kwenye mchuzi tu kwa sababu majani yanamkaba. Lakini zamani palikuwa na kunde shambani, palikuwa na njugumawe, na mzee wake alikuwa hai, akitega na kurudi na kitoweo. Sasa shamba lote ni mikorosho, chini ya kivuli chake kunde hazioti, na mwaka ule mbegu ya karanga iliuzwa kununulia salfa ya kupulizia mikorosho. Hakuona kwamba amepunguza kitu. Chungu kilikuwa kile kile, mwiko ule ule, na mtoto alikuwa akishiba. Tumbo lilikuwa wazi mbele ya macho: limejaa.

Baadaye wakaja wapimaji. Mwenyekiti Nurdini aliitisha mkutano akaeleza kwamba wageni wanazunguka nchi nzima kulinganisha watoto wa mkoa kwa mkoa, wa wapi wanakua na wa wapi wamedumaa.

"Nasikia kuna mikoa inavuna mahindi mpaka yanaoza, na watoto wao wafupi," akasema. "Sisi tusije kuwa wa mwisho, jamani. Leteni watoto waliooga. Wenye kuonekana."

Wenye kuonekana. Akina mama wakaelewa. Nyumba zenye mtoto dhaifu zikakumbuka ghafla kwamba zina safari ya shamba. Stamili yeye hakuwa na sababu ya kukimbia. Alimwogesha Naima, akampaka mafuta ya nazi, akamvalisha gauni la Idd, na miguuni akamvalisha viatu na soksi nyeupe zenye ua, alizoletewa na binti yake kutoka Mtwara mjini. Viatu viligoma kidogo kuingia. Akafurahi, mtoto anakua.

Walimlaza kwenye ubao wa kupimia urefu. Mpimaji, dada mmoja mpole mwenye miwani, akasoma, akasoma tena.

"Mfupi kwa umri wake, mama."

"Sisi Wamakonde si milingoti ya simu, mwanangu."

Foleni ikacheka. Wakazungusha utepe mkononi, ukatua kwenye rangi ya kijani, ya mtoto mwenye afya, na Stamili akageuka ili wote wauone. Kisha yule dada akainama kwenye miguu.

"Na soksi nivue, mama. Tunabonyeza kidogo juu ya wayo."

"Soksi zimefumwa hizo. Ukizivuta zinaachia uzi."

"Ni mara moja tu."

"Utepe wako umesema kijani. Au unaubishia?"

Nyuma watoto walikuwa wanalia, jua linapanda, akina mama wanasukumana. Yule dada alimtazama Stamili, akatazama foleni, akasimama. Naima akarudi nyumbani na soksi zake nyeupe.

Siku aliyojua, Stamili alikuwa uani anafinyanga. Unyago ulikuwa umekaribia na kungwi mmoja wa Makote alikuwa amemwagiza vyungu. Naima alikaa karibu, mgongo umeegemea ukuta, na tope la udongo likawa limemrukia mguuni. Stamili akaushika ule mguu, akalifuta kwa dole gumba, akakandamiza kidogo kwa sababu lilikuwa limeanza kukauka. Akaondoa dole.

Shimo likabaki.

Akalitazama. Udongo mbichi ukiubonyeza, alama hukaa. Ndiyo kazi yake, alama zake zimejaa Newala nzima. Lakini nyama ya mtu hurudi. Akabonyeza mguu wake mwenyewe, wa kizee, nao ukarudi. Akabonyeza tena wa mtoto, juu kidogo, kwenye muundi. Shimo la pili likakaa kando ya la kwanza. Naima alikuwa akiangalia mguu wake bila kulia, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Stamili alinawa mikono haraka, maji yakamwagika mengi, na hakujali.

Kwa mila mtoto wa Somoe ni wa kaka yake Stamili, Awadhi. Yeye ndiye mjomba, yeye ndiye mwenye neno. Awadhi alikuja, akatazama miguu, akaona na ngozi ya mapaja imeanza kuchubuka kama iliyoungua maji ya moto.

"Huyu kabemendwa," akasema.

"Awadhi, wazazi wake wako Liwale."

"Hata wangekuwa Makka. Mmoja wao katoka nje ya ndoa, uchafu umemfuata mtoto. Mpigie Somoe ataje."

"Ataje nini? Mtoto anavimba."

"Kwanza ataje. Halafu kuna dawa ya kumwogesha. Ukimkimbiza hospitali na uchafu, sindano itammaliza. Mtoto ni wangu, dada, usinisahaulishe."

Somoe akapigiwa simu. Alilia, akaapa kwa Mwenyezi Mungu, akamuuliza mama yake jambo moja tu: "Mama, wewe mwenyewe unaonaje? Wewe ndiye unayejua kulea." Stamili akakata simu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikubali kuamuliwa na mwanamume, kwa sababu kama ni kubemendwa basi kosa ni la watu wa Liwale, na kama si kubemendwa kosa liko jikoni kwake. Akamwogesha Naima majani ya Awadhi asubuhi na jioni. Ngozi ikazidi kutoka. Macho yakaziba kwa uvimbe. Kisha mtoto akakataa uji, na alipoacha kumeza maji Stamili aliyamwaga yale majani mlangoni mwa kaka yake, akambeba mtoto hadi zahanati.

Muuguzi, Rose, alimwona mlangoni tu akaweka chini alichokishika.

"Bibi, huyu si wa hapa. Huyu ni wa hospitali kubwa, bondeni. Sasa hivi."

"Hamna dawa yake hapa? Wanasema kuna karanga za dawa, za pakiti."

"Zinaletwa kwenye vijiji vilivyoonekana kuwa na watoto wagonjwa. Sisi tulipopimwa hakuonekana mtoto."

Stamili alimfunga Naima kwenye mbeleko yake ya miaka yote, khanga nzito iliyofifia rangi, na akashuka na bodaboda, mtoto katikati, mvua ya kwanza inawapiga usoni, na kila waliporuka shimo aliingiza mkono ndani ya khanga kusikiliza kama kifua bado kinapanda.

Wodi ilikuwa imejaa. Yeye alidhani atakuwa peke yake na aibu yake. Kitanda cha kulia alikuwa mama wa Tunduru, cha kushoto mama aliyekuja na mumewe kutoka mbali, huko Nyanda za Juu ambako wanalima viazi na maziwa yapo.

"Kwetu chakula kipo," alisema yule wa Nyanda za Juu usiku wa kwanza, bila kuulizwa.

"Hata kwetu," akasema wa Tunduru. "Mpunga."

"Kwetu korosho," akasema Stamili.

Watoto wao walikuwa wamelala mstari mmoja, nyuso zao zimefanana kama mapacha.

Walimpa Naima maziwa kidogo kidogo kwa kikombe. Stamili alidhani wanambania, akaomba yajazwe, akakatazwa. Moyo wa mtoto ungezidiwa. Akasubiri. Alisubiri uvimbe utoke ili mjukuu wake arudi, yule mnene wa Idd. Uvimbe ukatoka. Ulitoka kwa mkojo, siku hadi siku, mashavu yakashuka, mikono ikasinyaa, na mwisho pale kitandani akabaki mtoto ambaye Stamili hajawahi kumwona: mbavu, magoti, na ngozi ya mzee. Yale mashavu aliyowaonyesha majirani yalikuwa maji. Juu kule, ambako hata maji ya kunawia hutazamwa mara mbili, alikuwa amebeba mtoto aliyejaa maji na kuyaita unene.

Kitanda cha kushoto kilitandikwa upya siku moja asubuhi. Yule mama wa Nyanda za Juu hakuaga. Stamili akamshika Naima mguu na hakuuachia mpaka jioni.

Veridiana alisikia habari kwa abiria wa basi. Akaja, Kelvin mgongoni, na kikapu. Alisimama mlangoni mwa wodi akitafuta, akapita kitanda chao mara mbili kabla ya kumtambua mtoto.

Stamili alikuwa amejiandaa kwa maneno yoyote.

"Mk—" Veridiana akaanza. Akajaribu tena. "Mkwe. Humu mnaoga kwa kijiko au kuna bomba?"

"Bomba lipo," Stamili akasema. "Nimekuwa tajiri."

Ndipo akalia, yeye ambaye hakulia alipomzika mumewe. Veridiana hakumshika wala hakumnyamazisha. Alimfungua Kelvin, akamkalisha kitandani miguuni pa dada yake. Kelvin alikuwa na nusu ya yai mkononi. Alimtazama yule mtoto, akamsogelea, akambandika yai mdomoni, lote, pamoja na vidole vyake. Naima hakulila. Lakini kichwa chake kiligeuka, na macho yakafuata mkono wa kaka yake ulipoondoka.

"Umeona?" Veridiana akasema.

"Nimeona."

Daktari alisema mtoto bado hajapona. Alisema anaweza kuruhusiwa baadaye, ila kila wiki arudi kupimwa, na ale vitu alivyovitaja, na akidhoofika tena hatahimili mara ya pili. Stamili alisikiliza mpaka mwisho. Alifikiria kilima, mvua, bodaboda zinazokosekana msimu wa korosho, zahanati isiyo na pakiti. Alifikiria Nanganga, iliyo bondeni huku huku. Alifikiria Awadhi. Toka lini msichana wa ukoo akalelewa na mama wa mwanamume, na Mkristo, barabarani? Awadhi atamwita mwizi wa ukoo, naye atakuwa sahihi kwa mila.

Akavuta ile khanga kutoka chini ya mto. Imebeba wajukuu wote, na kabla yao Somoe na dada zake. Akaikunja, akaikunjua, akaiweka kwenye mapaja ya Veridiana.

"Mkwe, hii ni ya kwenu," Veridiana akasema. "Mjomba wake atasemaje?"

"Awadhi niachie mimi. Wewe sikiliza." Stamili alikaa wima, kama alivyokaa siku ya posa. "Utamlea na mwenzake, sahani moja. Mpe hayo mayai. Kila asubuhi kabla hujawasha moto, mbonyeze mguu hapa, kwa dole gumba. Shimo likibaki, usinitafute mimi, usimtafute mjomba, usingoje basi. Mlete hapa hata kwa miguu."

"Nitambonyeza."

"Na soksi asivae."

"Hatavaa."

Naima alikuwa amefumba macho. Stamili akamtazama kifua, kikapanda, kikashuka, akangoja kipande tena.

"Na siku akianza kulia, kulia kweli, kama huyu chiriku wako," akasema, "usimbembeleze haraka. Mwache kidogo. Nipigie simu nimsikie."